Kipande cha mailini si sumu: namna kinga ya panya inavyougeukia ubongo wake

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili wa sayansi za tiba ameniandikia hivi: "Nimesoma kwamba panya wa maabara akidungwa kipande kidogo cha protini ya mailini, baada ya wiki mbili hivi miguu yake inapooza. Lakini mailini hiyo tayari anayo mwilini mwake tangu utotoni. Je, kipande hicho ni sumu? Kama si sumu, inakuwaje mwili uishambulie protini yake wenyewe? Na je, hivi ndivyo ugonjwa wa MS unavyoanza kwa binadamu?"

Mailini ni kifuniko cha nyuzi za neva, na MS (multiple sclerosis) ni ugonjwa wa binadamu ambamo kifuniko hicho huharibiwa katika ubongo na uti wa mgongo. Hayo ni maswali matatu katika moja, na nitayajibu kwa mpangilio wake, ingawa la kati litachukua nafasi kubwa kuliko mengine kwa sababu ndilo lenye mambo mengi.

Kipande hicho si sumu. Ukikiyeyusha katika maji safi yenye chumvi kidogo na kumdunga panya yuleyule kwenye mshipa wa damu, hataugua. Na akipewa kwa njia hiyo mapema, mara nyingi hata sindano ya kuleta ugonjwa ikija baadaye haimdhuru sana, kwa kuwa kinga yake imekwisha kuzoezwa kukivumilia. Sumu haina tabia hiyo. Ushahidi mwingine, ambao kwangu ni mzito zaidi, ni ule wa kuhamisha ugonjwa. Mwaka 1960 Philip Paterson alichukua seli kutoka katika tezi za limfu za panya waliokuwa wamedungwa tishu ya neva, akazitia kwa panya wazima, nao wakaugua ingawa wenyewe hawakudungwa tishu hiyo. Mwaka 1981 Avraham Ben-Nun, Hartmut Wekerle na Irun Cohen, wakiwa katika Taasisi ya Weizmann huko Israel, walikwenda mbali zaidi: walikuza ndani ya vyombo vya maabara seli T, yaani aina ya seli nyeupe za kinga, zinazotambua protini moja tu ya mailini, wakazitia katika damu ya panya wazima wa ukoo wa Lewis, na baada ya siku chache panya hao wakapooza. Kilichotoka kwa mnyama mmoja kwenda kwa mwingine ni seli za kinga peke yake, na ugonjwa ukaenda nazo.

Kwa hiyo swali lenyewe linageuka. Tunachopaswa kuuliza ni seli hizo zilitoka wapi, na kwa nini zilikuwa zimetulia muda wote huo mpaka sindano ilipokuja.

Kwanza tuelewane kuhusu mailini. Katika ubongo na uti wa mgongo kuna seli zinazoitwa oligodendrositi, ambazo hurefusha mikono yake myembamba na kuizungusha kwenye nyuzi za neva, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayefunga bandeji. Seli moja inaweza kuhudumia hadi nyuzi 50 hivi. Kifuniko hicho ndicho mailini, na kazi yake ni kuuwezesha ujumbe wa umeme kwenda kwa kasi. Sehemu kubwa yake ni mafuta, na iliyobaki ni protini. Protini iitwayo PLP ni karibu nusu ya protini zote za mailini. Protini besi ya mailini, yaani MBP, ni karibu theluthi. Na iko nyingine, MOG, ambayo haifiki hata asilimia moja lakini imekaa kwenye uso wa nje kabisa wa kifuniko, mahali ambapo kingamwili, yaani protini za kinga zinazoelea katika damu na kujishika kwenye shabaha yake, zinaweza kuigusa moja kwa moja. Hizo tatu ndizo utakazokutana nazo katika karibu kila makala ya fani hii.

Habari hii haikuanza na panya. Ilianza na chanjo ya kichaa cha mbwa. Louis Pasteur alipomtibu Joseph Meister mjini Paris mwaka 1885, chanjo yake ilitengenezwa kwa uti wa mgongo wa sungura uliokaushwa, na katika miaka iliyofuata baadhi ya watu waliochanjwa kwa chanjo za namna hiyo walipooza bila ya kuwa na kichaa cha mbwa. Je, ni virusi vilivyosalia ndani ya chanjo, au ni tishu ya ubongo yenyewe? Thomas Rivers na wenzake katika Taasisi ya Rockefeller, New York, walilijibu swali hilo katika taarifa zao za mwaka 1933 na 1935: waliwadunga nyani tishu ya ubongo wa sungura isiyo na virusi, tena na tena kwa miezi, na baadhi yao wakapooza, na ubongo wao ulipochunguzwa ulionekana kuwa na mchochota, yaani uvimbe unaoletwa na seli za kinga, na mabaka yaliyopoteza mailini. Katikati ya miaka ya 1940 Elvin Kabat na wenzake walichanganya tishu hiyo na kichocheo kilichobuniwa na Jules Freund, yaani mafuta ya madini yenye bakteria wa kifua kikuu waliokwisha kuuawa, na kazi iliyochukua miezi ikamalizika kwa wiki chache. Ugonjwa huo wa kutengenezwa maabara ndio unaoitwa kwa kifupi EAE (experimental autoimmune encephalomyelitis).

Hapa nisimame kidogo, maana najua maneno haya yanaweza kumtia hofu msomaji asiye mtaalamu. Chanjo za kichaa cha mbwa zinazopendekezwa leo na Shirika la Afya Duniani hukuzwa katika seli ndani ya maabara na hazina tishu ya ubongo hata chembe. Aliyeng'atwa na mbwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende akachanjwe siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili huua karibu kila mara.

Turudi kwenye kipande. Seli T haiwezi kuitambua protini nzima. Ni lazima seli nyingine iimeze protini hiyo, iikatekate, kisha ikipandishe kipande kimoja juu ya uso wake kikiwa kimeshikwa na molekuli maalumu. Ifikirie molekuli hiyo kama kiganja chenye mfereji katikati: kipande hulala ndani ya mfereji, na seli T ikipita hukagua kilichoshikwa. Umbo la kiganja hurithiwa, na koo za panya wa maabara hutofautiana kwa umbo hilo. Ndiyo maana watafiti walipojifunza kutengeneza vipande vifupi kwa mkono badala ya kusaga ubongo mzima, waligundua kwamba kila ukoo una kipande chake. Panya wa ukoo wa SJL hupooza kwa kipande cha PLP kinachoanzia asidi amino (kijenzi kimoja cha mnyororo wa protini) ya 139 hadi ya 151, yaani asidi amino 13 tu. Huugua, hupata nafuu, kisha huugua tena. Panya weusi wa ukoo wa C57BL/6 huugua kwa kipande cha MOG cha 35 hadi 55, chenye asidi amino 21, na kwao ugonjwa ukishaingia mara nyingi hukaa. Ukibadilisha, ukampa huyo mweusi kipande cha PLP cha mwenzake, kwa kawaida hakuna kitakachotokea, kwa sababu kiganja chake hakikishiki kipande hicho sawasawa.

Sasa zile seli zilitoka wapi? Kila seli T, kabla ya kuachiwa huru, hupitia shule moja: tezi ya thaimasi, iliyo kifuani juu ya moyo. Humo huonyeshwa vipande vya protini za mwili wenyewe, na seli inayovishika kwa nguvu huamriwa ife. Shule hiyo ni nzuri, lakini ina mapengo, na pengo la PLP ni la kustaajabisha kwa uwazi wake. Ubongo hutengeneza PLP nzima. Thaimasi ya panya nayo husoma jeni hiyohiyo, ila hutoa zaidi toleo fupi, liitwalo DM20, lililokosa asidi amino 35, kuanzia ya 116 hadi ya 150. Tazama tena namba za kipande kinachowapoozesha SJL: 139 hadi 151. Karibu chote kimo ndani ya sehemu iliyokatwa. Seli T zinazokitambua hazikuonyeshwa kipande hicho shuleni, hazikuchujwa, nazo zikahitimu na kuingia mitaani zikiwa zinaonekana halali kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulilionyesha jambo hili, na mimi huwa nawaambia wanafunzi kwamba wakilishika hili moja, nusu ya fani hii wameielewa. Kwa MBP pengo ni la namna nyingine: kipande chake cha mwanzo, asidi amino ya 1 hadi ya 11, hushikwa kwa ulegevu mno na kiganja cha panya wanaougua kwacho, kiasi kwamba ndani ya thaimasi huanguka kabla seli T haijakikagua vizuri.

Kwa hiyo panya mzima, anayekula na kukimbia, anazo seli hizo tangu zamani. Wewe na mimi pia tunazo. Seli T zinazotambua MBP zimepatikana katika damu ya watu wasio na ugonjwa wowote. Kuwa nazo si ugonjwa.

Kinachoziamsha ni king'ora, na king'ora chenyewe kimo ndani ya sindano. Ukiona inavyotayarishwa utaelewa. Kipande hicho, mikrogramu 200 hivi kwa panya mmoja, yaani sehemu ya tano ya miligramu, huyeyushwa katika maji ya chumvi na kutiwa katika bomba la sindano la kioo. Bomba la pili hutiwa mafuta yenye bakteria wa kifua kikuu waliokufa. Kisha mabomba mawili huunganishwa mdomo kwa mdomo, na mchanganyiko husukumwa huku na huku mpaka kidole gumba kiume. Mwanzoni hupita kwa wepesi. Baadaye hugeuka mweupe, mzito kuliko tui la kwanza, na bomba hukataa kusukumika. Tone moja hudondoshwa kwenye maji baridi: likibaki donge bila kusambaa, kazi imekamilika; likisambaa, usidunge, maana panya hawataugua na wiki tatu zako zitakuwa zimepotea. Donge hilo likikaa chini ya ngozi huachia kipande kidogo kidogo kwa siku nyingi, na bakteria waliomo huziambia seli za kinga kwamba hapa pana uvamizi. Seli za dendriti hukimeza kipande, hukibeba hadi kwenye tezi za limfu, na hukionyesha pamoja na ishara ya pili, ile ya hatari. Seli T ikipata ishara ya kwanza bila ya pili hulegea au hufa. Ikizipata zote mbili, huzaliana kwa maelfu. Katika mifumo mingi huongezwa pia sumu ya bakteria wa kifaduro, siku ya sindano na siku mbili baadaye. Kwa muda mrefu ilielezwa kuwa kazi yake ni kulegeza ukuta ulio kati ya damu na ubongo, ingawa inafanya na mengine ndani ya mfumo wa kinga. Hii ndiyo sumu pekee iliyomo katika habari yote, nayo peke yake, bila kipande, haimpoozeshi panya.

Seli zilizoamshwa haziendi ubongoni moja kwa moja. Mwaka 2012 kundi la watafiti nchini Ujerumani lilionyesha katika panya kwamba seli hizo hupitia mapafuni kwanza, zikakaa humo na kubadili jeni zinazotumika ndani yake, zikiacha hali ya kuzaliana na kuvaa hali ya kusafiri. Zikifika kwenye mishipa midogo ya damu ya uti wa mgongo hujishika ukutani kwa molekuli iitwayo integrini ya alfa-4, hutambaa, hata kinyume cha mkondo wa damu, kisha hupenya. Lakini kupenya bado si kushambulia. Nje ya mshipa, kabla ya kuifikia tishu ya neva yenyewe, zipo seli nyingine za kinga zinazoonyesha vipande vya mailini ya kweli. Seli T inapokutana na kipande chake hapo mara ya pili huwaka tena. Isiyokikuta hukosa kazi. Seli T zilizozoezwa kutambua protini ya yai la kuku, kwa mfano, zinaweza kuingia zikiwa zimeamshwa, lakini hazimpoozeshi mnyama, kwa sababu hakuna yai ubongoni.

Seli T iliyowaka mara ya pili haifanyi uharibifu mwingi kwa mkono wake. Inaita. Hutoa saitokini, ambazo ni ujumbe wa kemikali, na kwa ujumbe huo huja makundi ya makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza, na seli nyingine nyeupe kutoka katika damu. Ukuta wa mishipa huvuja, tishu huvimba, mailini huvuliwa na kumezwa, na nyuzi za neva zilizobaki uchi hukatika. Huo ndio mchochota tunaousema. Mailini ikishavunjwa, vipande vipya ambavyo havikuwamo katika sindano huonyeshwa kwa seli T nyingine, nazo hujiunga. Katika panya wa SJL imeonekana kwamba ugonjwa unaporudi mara ya pili, seli zinazouongoza ni za kipande kingine, tofauti na kile kilichodungwa.

Kwa macho, haya yote huonekana kwanza kwenye mizani. Kila asubuhi panya hupimwa uzito, na siku moja au mbili kabla ya dalili uzito huanza kushuka. Kisha, kati ya siku ya 9 na ya 14, unamshika panya unayemfahamu, ambaye jana mkia wake ulijikunja kwenye kidole chako kwa nguvu, na leo mkia unaning'inia kama uzi uliolowa maji. Hiyo ni alama ya 1 katika kipimo cha 0 hadi 5. Alama ya 2 ni miguu ya nyuma kulegea. Ya 3, imepooza na panya anajivuta kwa miguu ya mbele. Ya 4, hata ya mbele inaanza. Ya 5 ni kifo au kukaribia kifo. Ugonjwa hupanda kutoka mkiani kwenda mbele kwa sababu mchochota wa panya hawa huanzia sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Panya asiyeweza kusimama hawezi kufikia chupa ya maji, kwa hiyo chakula laini na maji yaliyogandishwa huwekwa sakafuni mwa kizimba, na aliyefika kiwango kilichowekwa na kamati ya maadili hulazwa asiamke tena. Kazi hii ina gharama, na anayeifanya anapaswa kuijua kila asubuhi anapofungua kizimba.

Swali la tatu, la MS, linahitaji uangalifu zaidi, kwa maana hapa ndipo watu wengi hukosea. EAE inathibitisha kwamba seli T za mailini zinaweza kuleta ugonjwa unaofanana na MS: mchochota kuzunguka mishipa midogo, mailini kuvuliwa, kupooza kunakokuja na kuondoka. Haithibitishi kwamba MS ilianza hivyo kwa mgonjwa fulani, kwa sababu binadamu hakudungwa donge la mafuta na bakteria wa kifua kikuu. Ni kitu gani kilipiga king'ora kwake?

Kuna vidokezo. Mwaka 1985 Robert Fujinami na Michael Oldstone walionyesha kwamba kipande cha protini ya virusi vya homa ya ini aina ya B, chenye asidi amino sita zinazofuatana kama zilivyo katika MBP, kiliweza kuleta mchochota wa ubongo kwa baadhi ya sungura. Mwaka 2011 ilionekana kwamba panya waliotengenezwa wakiwa na wingi wa seli T za MOG, ambao huugua wenyewe bila sindano, hubaki wazima wakilelewa bila bakteria yoyote tumboni, na huugua wakipewa bakteria wa kawaida wa utumbo. Na kwa binadamu wenyewe, utafiti wa mwaka 2022 uliofuatilia zaidi ya wanajeshi milioni 10 wa Marekani ulikuta kwamba hatari ya MS ilipanda mara 32 baada ya mtu kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr. Virusi hivi wanavyo watu wengi mno ambao kamwe hawatapata MS, kwa hiyo peke yake havitoshi. Lakini hoja ya king'ora inapata uzito.

Kwa upande wa dawa, panya wametusaidia na pia wametupotosha. Mwaka 1992 ilionyeshwa kwamba kingamwili inayofunika integrini ya alfa-4 huzuia EAE. Kutokana na hilo ikapatikana natalizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, ikasimamishwa mwaka 2005 baada ya baadhi ya wagonjwa kupata maambukizi hatari ya virusi vya ubongo, ikarudi mwaka 2006 kwa masharti. Huko Weizmann, Ruth Arnon, Michael Sela na Dvora Teitelbaum walitengeneza mnyororo wa asidi amino nne unaofanana kidogo na MBP wakitarajia ungeleta ugonjwa. Ukauzuia, na leo ni dawa iitwayo glatirama, iliyoidhinishwa mwaka 1996. Lakini dawa za kuzima saitokini ya TNF, zilizowasaidia panya, ziliwazidishia hali wagonjwa wa MS. Na mwaka 2000 jaribio la kuwapa wagonjwa kipande cha MBP kilichobadilishwa kidogo, kwa nia ya kuzituliza seli T, lilisitishwa baada ya baadhi yao kupata mashambulizi zaidi. Tena, dawa zinazoondoa seli B, zile seli za kinga zinazohusika na kutengeneza kingamwili, zinafanya kazi vizuri sana kwa wagonjwa, jambo ambalo mtu aliyeiangalia MS kwa jicho la panya wa MOG 35 hadi 55 peke yake asingelitabiri, kwa kuwa ugonjwa wa panya hao huendeshwa na seli T. Hata kingamwili dhidi ya MOG, zinapopatikana kwa binadamu, sasa hutajwa kuwa alama ya ugonjwa mwingine unaojitegemea, si MS.

Kwa hiyo utakaposoma makala inayosema dawa fulani imeponya panya, tafuta katika sehemu ya mbinu mambo matatu: ukoo wa panya, kipande kilichotumika, na siku dawa ilipoanza kutolewa. Ikiwa ilitolewa siku ileile ya sindano, basi kinachowezekana kuwa kimezuiwa ni seli T kuamshwa ndani ya tezi za limfu, hatua ambayo mgonjwa anayefika kliniki akiwa na ganzi miguuni alikwisha kuipita zamani. Ikiwa ilianza baada ya mkia kulegea, isome makala hiyo hadi mwisho.